Joto la Ubao wa Mtumba

Ubao ulikuja umeviringishwa ndani ya sweta ya mtoto. Mama Kadi aliifungua juu ya kaunta, akaikagua sweta kabla ya kilichomo. Ilikuwa ya kijani, viwiko vimechakaa, na ingemtosha kabisa binti yake wa miaka sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Kifutio kwa sababu hakuandika kitu asikifute.

"Bodi ya kompyuta huja kwenye boksi," alisema.

"Si mpya, Bosi. Ni ya mtumba." Mume wake alikuwa anaangalia viatu vyake. "Muuzaji ameapa kwamba inafanya kazi."

"Na hii sweta?"

"Hakuwa na mfuko."

Mama Kadi alikuwa na miaka kumi na moja akichapa kadi, vyeti na barua za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na alimjua mume wake anapoangalia viatu. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imechoka, na shule moja ilikuwa inasubiri vyeti mia nane kabla ya Ijumaa. Akanunua prosesa mpya, ule ubongo wenyewe, ikakataa kuingia kwenye ubao wa zamani. Fundi wao, bwana mmoja aliyeitwa Miwani, akawaandikia kwenye karatasi bodi mbili za bei nafuu za kuchagua, zote mpya, na chini yake akaandika maneno na kuyapigia mistari miwili: msinunue iliyotumika. Mume alikwenda mjini na karatasi, akarudi na sweta.

Kesho yake asubuhi Miwani alisoma maandishi madogo pembeni mwa ubao, akacheka kwa pua.

"Huu hautawaka, shemeji. Matundu yanalingana, sikatai, lakini umetengenezwa miaka mingi kabla ya prosesa yako. Hauijui. Lazima uwekewe maelekezo mapya kwanza."

"Wewe jaribu tu."

Akafunga kila kitu mahali pake, akabonyeza. Kimya. Halafu ikatoka milio mitatu, pi, pi, pi, yenye nafasi sawa, kama mtu mwenye adabu zake anayebisha mlango.

Mama Kadi alikuwa ameinama anakata karatasi, na mdomo ukamtangulia. "Karibu, kaa popote," akasema, kama alivyowaambia wateja wote waliowahi kubisha pale. Akajicheka mwenyewe. Kifutio naye akacheka, pale kwenye benchi la wateja, kisha akajisogeza pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa.

Kompyuta ikawaka.

Miwani hakucheka. Alifungua ukurasa wa mipangilio, akausoma, akausoma tena. "Maelekezo ni yale yale ya zamani," alisema kwa sauti ya chini. "Haikutakiwa kuwaka." Akakusanya vifaa vyake haraka, akasahau bisibisi moja juu ya kaunta, akaondoka na chai yake ikiwa bado inafuka.

Kwa hiyo Mama Kadi alianza kwa kumshuku Miwani. Fundi ambaye ushauri wake haukufuatwa lazima anune, alijiambia, na huenda bodi zile mbili zilikuwa za ndugu yake. Mashine yenyewe haikuwa na kasoro. Picha ambazo zamani zilichukua dakika tano kufunguka sasa zilifunguka kabla hajaondoa kidole. Kufika saa sita alikuwa na vyeti mia mbili, na Kifutio alikuwa na homa.

Akashuku maji ya shuleni. Akashuku dawa aliyouziwa, maana homa ilipanda na kushuka kama inavyotaka. Akamshuku mume wake, ambaye alikuwa ameikunja ile sweta vizuri na kuificha juu ya kabati, na alipoulizwa akasema, "Acha tu." Na chumba cha mbele kikaanza kunuka, si plastiki inayoungua bali nguo mbichi inayopigwa pasi.

Siku ya pili mchana ndipo alipogundua kwamba hasikii feni. Akafungua ubavu wa kompyuta, na kweli feni ilikuwa imesimama kimya. Akampigia Miwani.

"Zima haraka!" Miwani alisema. "Itaungua."

Akagusa chuma cha kupoza kilicholala juu ya prosesa. "Ni cha baridi," alisema. "Kama jiwe la mtoni."

Sauti ya Miwani ikashuka. "Shemeji, prosesa ikifanya kazi hutoa joto. Haina ujanja. Sasa hilo joto linakwenda wapi?"

Chumbani, Kifutio akaguna.

Mama Kadi alisimamisha uchapaji, akaenda kumshika mtoto kichwa, akasubiri, na kweli, homa ikaanza kushuka chini ya kiganja chake. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo hajawahi kulisimulia bila kulia. Vyeti vilikuwa vimebaki mia moja na tisini, hakuwa na uhakika, alitaka tu kuhakikisha, hivyo alirudi mbele akabonyeza kazi iendelee, na karatasi ya kwanza ilipoanza kutoka mtoto akapiga kelele, na yeye akakimbia huku ile harufu ya pasi ikimjaa puani, akakuta shuka limekauka kau kau upande aliolala Kifutio na mvuke mwembamba unapanda kutoka kwenye nywele zake, na kutoka mbele mashine ikazidi kasi bila mtu kuigusa, karatasi zikitoka na kuanguka sakafuni, nyeupe, hazina hata herufi moja.

Alichomoa waya ukutani. Kioo kikazimika. Mtoto hakupoa.

"Mama," Kifutio akasema macho yamefumbwa, "anasema benchi ni gumu. Amehamia kwangu."

Mume alimleta shangazi yake, mwanamke mfupi wa maneno machache aliyetibu watu wenye majini. Alimtazama mtoto, akatazama ubao, akaomba aletewe kitu kilichokuja nao. Ndipo mume akashusha sweta.

"Yule muuzaji alikuwa analia," alisema. "Alisema hana tena wa kumvalisha. Nikajua kuna jambo. Nikaona bei, nikanyamaza." Naye akaanza kulia.

"Utalia baadaye," Shangazi akasema. "Nani alimkaribisha?"

"Mimi," Mama Kadi akanong'ona.

"Basi wewe ndiye utamsindikiza. Wengine huvamia, hao nawafukuza. Huyu alibisha, akaitikiwa, akapewa pa kukaa. Ng'oa ubao, umfunge nao kwenye sweta yake, mpeleke mpaka njia panda, mwambie kwaheri, geuka. Kwaheri tu. Usiongeze neno."

Alikwenda saa nane, jua likiwaka, amebeba furushi kifuani. Kila hatua lilizidi kupata joto, mpaka njia panda alihisi ni mtoto mwenye homa aliyembeba. Aliliweka chini kando ya barabara.

"Kwaheri," alisema, akageuka.

"Asante," ikajibu sauti nyuma yake. Sauti ndogo, ya adabu sana.

"Asante na wewe," akasema Mama Kadi, "karibu tena."

Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Miaka kumi na moja, kila mteja, kila siku. Alipogeuka sweta ilikuwa imelala bapa chini, na ubao ndani yake ulikuwa wa baridi.

Akaanza kukimbia, simu sikioni.

"Bosi!" Mume wake alikuwa anacheka kwa furaha. "Amepoa! Ameomba chakula! Shangazi ameondoka sasa hivi, amesema tumshukuru Mungu."

"Funga mlango!"

"Mchana huu? Yuko hapa mbele na mimi, amekaa kwenye benchi, anachora. Hebu subiri, kuna mteja anabisha."

"Usimjibu! Baba Kifutio, usimjibu!"

Lakini alikuwa ameshaondoa simu sikioni. Akamsikia kwa mbali, kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu.

"Karibu, karibu ndani. Kifutio, sogea mgeni akae."