Picha Zilizotikisika

Kamera iliyoibwa dukani kwa Almas, Manzese, ilikuwa ndogo kuliko zote kabatini. Ilitoweka mchana, umeme ulipokatika na Almas akatoka nyuma kuwasha jenereta. Kamera za ulinzi zilizimika. Dukani alibaki msaidizi wake, Brightson, na wateja wachache.

Jioni hiyo Brightson akawekwa mahabusu.

Inspekta Kokuberwa, mwanamama aliyepewa kesi hiyo, hakuridhika. Mkuu wa kituo alitaka jalada liende mahakamani haraka. Kulipokucha, Nusaiba, mke wa Brightson, mjamzito aliyekaribia kujifungua, alikuja kuketi kwenye benchi la kituo, akakataa hata maji. Kila Inspekta alipopita, aliinua uso kumtazama. Inspekta akawa anapita haraka, roho haijatulia.

Alirudi dukani.

"Kwa nini hii?" aliuliza. "Pembeni yake zipo za bei mara mbili."

Almas alisema hata yeye hilo lilimshangaza. Aliyeichukua alijua kuchagua. Ilikuwa kamera ya kisasa isiyo na kioo ndani, nyepesi, ya kutembea nayo kila siku, na lenzi yake fupi ilifaa mtaani na hata ukumbini.

"Na hizi za bei?"

"Nzito. Halafu hazina kitu kimoja. Ile ina mtambo ndani wa kutuliza picha. Hata mkono ukitikisika, picha inatoka safi."

Inspekta akaomba kuziona zilizobaki. Wateja huzijaribu palepale kaunta, na picha hubaki kwenye kadi. Katika kamera mbili alikuta picha za mchana ule, kabla umeme haujakatika. Taa za duka zilikuwa zinawaka. Zote zilikuwa za Brightson, anacheka. Na zote zimetikisika, uso mmoja ukaonekana kama miwili.

Kituoni alimtoa mahabusu, akamwonyesha.

"Nani alikupiga hizi?"

Brightson alizisogeza kando.

"Mkeo yuko hapo nje tangu asubuhi."

"Mzee Cyprian wa Tandale," alisema kwa shida. "Ila afande, yule si mwizi. Ndiye aliyenifundisha kazi."

Studio ya Cyprian ilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Inspekta alimwamkia shikamoo. Mzee aliitikia bila kutoa mkono. Wa kulia ulikuwa mfukoni. Inspekta hakutaja wizi. Alimwomba tu ampige picha.

Cyprian aliitazama kamera yake kubwa rafuni. Kisha akavuta droo, akatoa ile ndogo, akaiweka mezani. Mkono ulitetemeka mpaka lenzi ikagonga meza.

"Hali hii ilianza lini, mzee?"

"Mwaka jana. Mke wangu mwenyewe hajui."

Alieleza yote bila kuulizwa tena. Alikuwa amezunguka maduka akitafuta kamera ambayo mkono wake ungeiweza. Angeweza kudunduliza akanunua, lakini Almas angemuuliza kwa nini anaiacha ile kubwa, na habari ingesambaa. Nani angemkabidhi harusi mpiga picha anayetetemeka? Umeme ulipokatika kamera ilikuwa mkononi mwake. Akaitia kwenye koti, akatoka.

"Ulisikia Brightson amekamatwa?"

"Nilisikia. Asubuhi nilitoka nije kituoni. Nikafika kwenye kituo cha basi, nikarudi." Aliinamisha kichwa. "Sijalala, mama."

Mzee alipoingizwa kituoni, Brightson alikuwa anakabidhiwa mkanda na viatu vyake, Nusaiba amemshika shati kama anayeogopa watamrudisha ndani. Mzee na Brightson wakatazamana.

"Mwalimu, ungeniambia mimi," Brightson alisema. "Ningekushikia kamera."

"Wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote. Ulijifunza kazi kwa kuitazama mikono yangu."

Brightson alifunga mkanda wake, viatu mkononi. Alimchukua mkewe, wakaelekea mlangoni.

Nyuma yao askari alimsogezea mzee maelezo yake atie saini. Kalamu ilidondoka. Aliiokota, ikadondoka tena. Brightson akasimama. Alimwachia Nusaiba viatu avishike, akarudi mpaka kaunta, akamshika mzee kifundo cha mkono, akakituliza mpaka alipomaliza kuandika jina lake.