Jumamosi za Diski

"Usinitajie radi! Radi ilipiga mashine yako, mimi inanihusu nini? Nataka picha ya mama yangu!"

"Mama Odile, nimekuambia picha iko. Sumaili aliihifadhi."

"Aliihifadhi wapi? Ndani ya mufuko wa suruali?"

Watu wakacheka. Nusu ya mtaa ilikuwa imekwisha kukusanyika mbele ya studio ya Dieudonnée, karibu na soko la Kasongo, na nusu nyingine ilikuwa njiani. Mama Odile, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amejifunga kitenge cheusi, mikono kiunoni. Siku si nyingi familia yake ingetoa matanga ya bibi kizee, mama yake, na nani siku hizi anatoa matanga bila picha kubwa ya marehemu mbele ya wageni? Shida ni kwamba bibi yule alikimbia kamera maisha yake yote. Alikubali mara moja tu, kwenye harusi ya mjukuu wake Laura, na aliyempiga picha ni Dieudonnée.

"Huyu hapa mwenyewe!" Dieudonnée alimwona Sumaili akitokea upande wa kituo cha pikipiki, uso ukamng'aa. "Sumaili, umwambie mama. Picha iko ao haiko?"

Wote wakageuka. Sumaili alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate.

"Iko," alisema. "Mama, iko. Unipe siku kidogo tu."

"Umesikia?" Dieudonnée akapiga makofi. "Mwanaume wangu hasemi uwongo."

Neno lile "iko" lilimtoka Sumaili laini kama mafuta ya mawese, kisha likarudi kumkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ili uelewe alivyojifunga mwenyewe, turudi nyuma kidogo. Walikutana sokoni kwa muuza vitu vya simu, wote wawili wameshika waya mmoja, wa mwisho. "Mimi ndiye niliushika kwanza," alisema Dieudonnée. "Basi chukua waya, mimi nikuchukue wewe," akajibu Sumaili, na wauzaji wakapiga miluzi. Sumaili alikuwa mzaliwa wa Wamaza, huko Kabambare, fundi wa kompyuta aliyejifunza kazi barazani, kwa kufungua mashine za watu na kumwomba Mungu zifungike tena. Dieudonnée alikuwa mpiga picha, mwenye macho makali na kicheko kinachovuka ua na ua mpaka lupango ya tatu. Watu wa Kasongo hawakuchukua picha zao zote nyumbani. Walichapisha moja mbili, nyingine wakaziacha kwake. "Ziko kwa Dodo," walisema, maana ndivyo walivyomwita Dieudonnée, kama mtu anavyosema mali yake iko benki.

"Ingénieur," Dodo alimwambia siku moja kwa utani, "hii mashine ikikufa, tunakufa nayo mutaa mzima."

Ndipo Sumaili alipomletea programu. Haikuwa ya kunakili picha mojamoja. Ilichukua diski nzima kama ilivyo, mifupa na nyama, ikaifungia ndani ya faili moja kubwa. Siku mashine ikifa, unaweka diski mpya, unafungua faili lile, na mashine inaamka kama iliyolala tu.

"Na leseni?" Dodo aliuliza. "Wakiiba picha zangu mimi ninapiga kelele. Sitaki kula jasho la mutu."

"Leseni iko, mupenzi. Ya kweli kabisa."

Haikuwepo. Ilikuwa programu ya kujaribia tu, ya mwezi mmoja. Sumaili alitaka kweli kuilipia, lakini alipowatafuta wenyewe alikuta wameacha kuiuza zamani. Mahali pao kwenye mtandao palikuwa panauzwa viatu. Mwezi ulipokwisha, programu ikagoma: ilimwonyesha maandishi mekundu ya kumwambia muda wake umekwisha, haikuandika tena hata picha moja, wala haikufungua faili lililokwisha kuandikwa. Ilimpasa kusema. Au basi atafute programu nyingine. Kila mara alijiambia: Jumamosi ijayo.

Na hapo ndipo palipokuwa na utamu, na utamu ndio uliomponza. Jumamosi ilikuwa siku ya kuhifadhi. Alikuja na shati lake, akachomeka diski ya nje, akafunga yale maandishi mekundu haraka kama mtu anayefukuza nzi, kisha akakaa. Dodo alileta chai na mandazi. Wazazi wa Dodo, waliokaa nyuma ya studio, hawakuuliza kitu. Fundi yuko kazini.

"Imeisha?"

"Bado kidogo. Iko inaandika."

Hakuna kilichokuwa kinaandika. Taa ya diski ilimulika tu, na wao wakaongea mpaka kivuli cha nyumba kikafika barabarani.

Kisha radi ikapiga, diski ya mashine ikaungua, na Mama Odile akaja kudai.

Siku ya pili yake Sumaili alipanda pikipiki kwenda kwao Wamaza. Alisema kuna mashine ya kutengeneza kule. Mashine ilikuwepo, ni kweli, lakini iliyompandisha pikipiki ni aibu. Kila asubuhi alipanda kilima kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu, akaandika huku na huku kuwatafuta wenye programu ile. Rafiki yake wa Kindu, Raphaël, alimcheka: "Mimi niko na namba ya leseni ya wizi, chukua, ufungue, nani atajua?" Sumaili aliishika simu ile muda mrefu. Lakini faili lilikuwa moja tu duniani, na namba za wizi zimewahi kuharibu mafaili ya watu. Tena alikuwa amechoka. Uwongo juu ya uwongo mwingine, utaishia wapi?

Kasongo, midomo haikulala. Mama Fatuma, muuza mawese, ana shangazi Wamaza, na shangazi ana macho. Simu ya Dodo ikaingia kabla umande haujakauka.

"Uko wapi?"

"Wamaza, chérie."

"Chérie wa hapa, ao wa huko?"

"Huko kuna nani?"

"Uniambie wewe! Unapanda kilima kila asubuhi, simu sikioni, unachana nywele kwanza. Watu wanakuona."

"Dodo, natafuta rezo!"

"Rezo. Ananyonyesha ao bado?"

Sumaili angecheka, lakini sauti ya Dodo ilikuwa imelowa. "Mama Odile ananisalimia kwa mugongo," Dodo akasema. "Ninasimama peke yangu mbele ya watu, ninasema Sumaili anakuja, Sumaili anakuja. Na wewe unachana nywele." Akakata.

Jibu lilimkuta pale pale kilimani. Kampuni iliyonunua ile kampuni ya zamani ilimwandikia kwa Kifaransa cha adabu: programu hii hatuiuzi tena, lakini kama faili zenu zimefungiwa ndani yake, tunaweza kutoa leseni ya kuzifungulia. Leseni itatoka kwa jina la mwenye mashine. Naye mwenyewe atuandikie kwamba anajua ilitumika bila ruhusa.

Naye mwenyewe. Sumaili alilisoma neno hilo mpaka likawa kama linamtazama. Alipiga simu.

"Dodo, usikate. Leseni haikukuwa."

Upande wa pili jogoo aliwika, mtu akapita na redio.

"Sema tena."

"Haikukuwa. Nilikudanganya. Sasa wanataka wewe uandike, kwa jina lako."

"Nilikuuliza, Sumaili. Kwa mudomo wangu."

"Uliniuliza."

"Ukaniita mupenzi ndani ya jibu lilelile."

Sumaili alihamishia simu sikio la pili.

"Nitumie anwani yao. Nitaandika. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya watu wa mutaa. Kuna kingine?"

Palikuwa na kingine. Jumamosi zote zile. Rezo ilikuwa nzuri kuliko siku zote, hawezi kuisingizia.

"Hapana," alisema.

Dodo aliandika, namba ikaja, na Sumaili akarudi Kasongo na vumbi lote la njia mgongoni. Dodo alimpokea kama fundi wa kuitwa: kiti, maji, basi. Alivaa kitenge cha manjano, nywele amesuka upya, na hakumwangalia machoni. Sumaili akaweka diski mpya, akaingiza namba, na mara hii hapakuwa na maandishi mekundu. Faili likafunguka.

Habari ilimfikia kila mtu kabla mashine haijamaliza kuwaka. Studio ilijaa mpaka mlangoni. "Huyu ni mimi? Nilikuwa na shingo hii yote?" Mama Fatuma alijishika kifua. "Yesu Maria, Joël na suti ya kuazima!" Komunyo, ubatizo, Idi, timu ya mpira ya mwaka ule waliofungwa vibaya. Katikati ya kelele mkono wa Dodo ulimshika Sumaili begani, ukakaa.

"Ingénieur wangu," alimnong'oneza. "Nilitaka nikuchukie zaidi kidogo, haiwezekani." Kisha akainua sauti: "Sasa harusi ya Laura! Mutu aende amwite Mama Odile!"

"Dodo, ngoja." Mkono ule ulimuunguza. "Uwaombe watoke kidogo."

Walitoka wakinung'unika, wakasimama dirishani. Sumaili alisema yote akiangalia sakafu: mwezi uliokwisha, maandishi mekundu, taa ya diski iliyomulika bure. Harusi ya Laura ilifungwa wakati programu imekwisha kugoma. Haikuwemo. Haikuwahi kuwemo.

Dodo alikaa juu ya kiti cha wateja, kile cha picha za pasipoti.

"Jumamosi zote zile?"

"Zote."

"Ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Kukuona."

Machozi yalimshuka Dodo bila sauti, yakaharibu wanja. "Mupumbavu wewe. Ungesema tu unakuja kuniona. Chai ingekuwa ileile." Alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Bibi wa watu amepotea mara ya pili, Sumaili. Kwa ajili ya chai. Mimi sitakwenda kumwambia. Utakwenda wewe."

Alikwenda. Hatua za kutoka mlango mmoja mpaka mlango wa jirani zilikuwa ndefu kuliko njia nzima ya Wamaza. Dirishani watu walinyamaza, jambo ambalo mtaa ule haujui kulifanya. Mama Odile alikuwa uani, anapepeta mchele, akina dada zake wamemzunguka, sufuria zimekwisha kuteguliwa.

Sumaili alipiga magoti, si kwa maigizo.

"Mama, picha haiko. Nilisema iko, nilidanganya. Haitapatikana tena. Kosa si la radi wala la Dodo. Ni langu."

Ungo ulisimama. Dada mmoja alianza kupandisha sauti, Mama Odile akamzuia kwa kidole. Alimwangalia kijana yule mpaka yeye akatamani atukanwe.

"Siku ya harusi," alisema mwishowe, "si wewe ulimshikia Dieudonnée taa?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa karibu na mama."

"Karibu kabisa. Alinisukuma, akasema ninamuzibia ngoma."

Dada mmoja akacheka bila kutaka, akajiziba mdomo.

"Mimi nilikuwa jikoni," alisema Mama Odile. "Mutoto wangu anaolewa, mimi niko na sufuria. Sikuona hata wimbo mumoja. Alicheza namna gani?"

"Mama, kilemba kilianguka, akakipiga teke. Akaita wazee wa upande wa bwana harusi, mumoja mumoja, wakakimbia."

Mama Odile alitazama kando, akamwona Dodo amesimama kwenye uzio, kitenge cha manjano kimelowa machozi.

"Sijakusamehe," alimwambia Sumaili. "Usijidanganye, uwongo umekutosha. Lakini inuka. Unawe mikono. Wali uko mezani na mboga ya sombe, utakula, na ukiwa unakula utatuonyesha yale mateke yote." Akageukia uzio. "Na wewe Dodo, unasimama inje sababu ya nini? Karibu. Ingieni wote wawili."