Kikohozi cha Mzee Mihambo

Saa tisa alasiri, katika ukumbi wa maktaba ya Tabora, mwanga ulijikusanya juu ya kiti kitupu ukawa mtu. Ilitangulia kofia, ikafuata miwani, kisha mikono iliyoshika kitabu. Wakati huohuo mtu yuleyule alitokea Sikonge, Urambo na Igunga, mbele ya watoto walioketi mikekani.

Maktaba iliwaita wasomaji-nuru. Kila mmoja alitengenezwa kwa rekodi za mtu aliyefariki, naye aliweza kusoma kitabu chochote na kuzungumza na wasikilizaji kwa sauti na tabia ya marehemu. Huyu wa leo alikuwa Mzee Mihambo, aliyewasomea watoto hadithi katika ukumbi huo hadi alipofariki mwaka uliopita. Aliyemtengeneza ni binti yake, Kabula, fundi mitambo wa maktaba.

Lakini msomaji-nuru hakuruhusiwa kubaki bila ndugu kumkubali. Wakisema siye, alifutwa siku hiyohiyo, pasiwe na marehemu wa bandia. Mwenye kauli leo alikuwa Shangazi Nyamizi, dada wa marehemu.

Mzee alisoma ukurasa wa kwanza bila kukwama, na wa pili vilevile. Watoto wa Sikonge wakaanza kupiga miayo.

"Anasoma vizuri," Shangazi alisema taratibu. "Lakini huyu siye kaka yangu."

"Shangazi, sauti ni yake. Nimeipima."

"Sauti ni yake, mwenyewe hayupo. Kaka yangu hakuwahi kumaliza ukurasa bila kumchokoza mtu."

Kicheko kikasikika kutoka dirisha la mbali, ule ukuta wa kioo ulioonyesha wasikilizaji wa kila mahali. Alikuwa Bi Chausiku, Mzaramo wa Kisarawe, mtani wa marehemu. Msibani ndiye aliyevaa kofia ya Mihambo na kumwigiza mpaka waliokuwa wakilia wakacheka.

"Mihambo," alisema, "nyie Wanyamwezi mmebeba mizigo tangu enzi za misafara. Hata kufa hukupumzika, wamekubebesha taa."

Ukumbi ukasubiri. Mzee alifungua ukurasa wa tatu, akaendelea kusoma kwa adabu.

"Basi huyo kafa kweli," alisema Bi Chausiku.

Kabula aliinamisha kichwa. Alijua kilichotokea. Miezi ya mwisho baba yake alikohoa sana, na yeye hakuweza kuvumilia kukisikia tena kikohozi kile. Aliweka chujio kwenye mtambo, likafuta kila kikohozi katika rekodi. Ila Mzee Mihambo alicheka na kukohoa kwa pumzi moja. Chujio halikuweza kuvitenganisha, likaondoa vyote, pamoja na maneno ya utani yaliyovitangulia.

"Shangazi, niliweka chujio la kufuta kikohozi, likamkata na utani wake. Nipe dakika moja."

"Ulipewa baba mzima ukamchuja. Dakika nitakunyimaje?"

Kabula alizima chujio. Mwanga ukatetemeka, kisha ukatulia.

"Bi Chausiku, mwambie tena."

"Simwambii tena. Kama hakusikia, masikio kayaacha Tabora kaburini."

Mzee aliinua uso, akaishusha miwani hadi nchani mwa pua.

"Bora mimi niliyebeba taa. Wewe Mzaramo ukisikia ngoma, hata ubwabwa unaungua jikoni."

Sikonge walicheka, Urambo wakacheka, na Bi Chausiku akapiga makofi. Shangazi alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo, mtoto wa mama yangu."

Mzee naye alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kirefu, kilekile. Mkono wa Kabula ulirudi kwenye swichi.

Kule Sikonge mtoto wa kike alisimama. "Babu apewe maji."

Hakuna aliyemwambia kwamba nuru hainywi. Kabula aliondoa mkono, akaenda kwenye mtungi wa pembeni, akajaza glasi na kuiweka mezani kando ya kiti, kama alivyofanya kila alasiri baba yake alipokuwa hai.

Kikohozi kilikoma. Ikasikika sauti ya mtu akimeza maji, iliyotoka katika rekodi za zamani.

"Ahsante, mama," alisema Mzee, kwa ile sauti ya chini aliyomsemesha binti yake peke yake.

Kabula alikuwa ameisahau. Chujio lilikuwa limeikata pamoja na kikohozi.

Mzee alilamba kidole, akafungua ukurasa. "Haya, wajukuu. Tuliishia wapi?"

Watoto wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja akitaja mahali pake katika hadithi.