Barua Iliyokaa Kwenye Begi la Gundi

“Umekigeuza,” mkewe alisema.

Fundi akainua macho. Kipande cha tatu na cha mwisho cha nyasi bandia kilikuwa kimetandikwa vizuri, pembe kwa pembe, ila rangi ilikataa. Viwili vya kwanza vilikuwa kijani kibichi, hiki kimepauka. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba majani ya nyasi hizo hulala upande mmoja. Ukikitandika kipande kwa kukigeuza, mwanga unakuumbua. Miaka tisa kazini hakuwahi kufanya kosa hilo. Na gundi alikuwa ameshaanza kuimwaga.

“Shika huko tukizungushe,” mkewe akasema, kwa sauti ya kuongea na mtu baki.

Walikuwa wawili tu nyuma ya nyumba moja ya ufukweni. Mwenye nyumba, kocha mstaafu, alitaka uwanja wa kucheza na wajukuu zake. Ukutani, kando ya ndoo za gundi, palikuwa na begi la nguo la mkewe. Basi lake lilikuwa la saa kumi, na safari hii hakuwa anakwenda kwa dada yake kusalimia. Alikuwa anamwacha.

Asubuhi hiyo, akitafuta mchoro wa uwanja kwenye begi la vifaa vya gundi, mke alikuta barua ya hospitali ya miaka minne iliyopita. Ilieleza bila kupindapinda kwamba asiyeweza kupata mtoto ni mume. Ndiye mume yuleyule aliyerudi nyumbani akasema majibu yake ni safi, kisha akanyamaza mama yake alipoanza kumwita mkewe mgumba. Utajiuliza, mwanaume anayebeba mifuko ya mchanga kutwa nzima alishindwaje kubeba karatasi moja. Alishindwa. Hata kuichana alishindwa.

Mke alikubali kumaliza kazi kwa sababu gundi haimngoji mtu. Ikishamwagwa, upepo wa bahari unaleta mchanga, na mshono ulioingia mchanga huachia. Mmoja anamwaga, mwingine anabana. Basi wakapiga magoti uso kwa uso, wakagombana huku mikono ikifanya kazi.

“Niliogopa,” fundi alisema.

“Uliogopa nini?”

“Kwamba utaniacha.”

“Miaka minne nimesemwa, nilikuacha? Siku ya harusi ya wifi yangu mama yako aliniambia nipishe, picha ni ya wenye watoto na wanaotarajia. Wewe ulisimama wapi?”

Alisimama katikati ya picha, anatabasamu.

“Nimekosa, mke wangu. Sina la kujitetea.”

“Bana hapo, gundi inakauka.”

Akabana. Machozi yalimtoka, mwanaume mzima, yakidondokea kwenye nyasi za plastiki. Aliahidi hili, akaahidi na lile, mpaka mkewe akamkatisha.

“Ahadi zako zote ni za chumbani. Matusi mimi nimeyala mbele za watu.”

Fundi akapangusa mikono, akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje ili mkewe asikie.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Mbona sauti hivyo?”

“Mama, mke wangu hana tatizo. Mwenye tatizo ni mimi. Hospitali waliniambia zamani, nikawaficha.”

Mama akacheka kidogo, kwa huruma.

“Amekupa nini huyo mwanamke mpaka ujitukane hivi? Usijivunjie heshima kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyekuzaa, nakujua.”

“Nasema kweli, mama.”

“Tutaongea ukiwa peke yako.”

Akakata. Uongo wake fundi alikuwa ameulea vizuri mno, na sasa ukweli ulipofika haukupata wa kuuamini. Mkewe hata hakukasirika. Alitikisa kichwa, akainuka kwenda kuchukua begi lake. Mshono ulikuwa umeshika, na kilichobaki kingeweza kufanywa na mtu mmoja.

“Nipe ile barua,” fundi akasema.

“Uichane?”

“Nipe, nakuomba.”

Akaitoa mfukoni. Fundi akaikunjua juu ya nyasi, akaipiga picha, jina lake likisomeka juu kabisa, akaituma kwenye kundi la familia. Humo walikuwemo mama, dada zake, wajomba, mashangazi na mashemeji, watu thelathini na mmoja. Chini yake akaandika: “Hii ni yangu. Mke wangu mlimtukana bure nami nikawaacha. Anayetaka kucheka anicheke mimi.”

Wa kwanza kujibu alikuwa mjomba: “Futa haraka, unatuaibisha.” Hakufuta. Alimkabidhi mkewe simu, maana alijijua, angeweza kuifuta.

Mke alikuwa bado anasoma majina ya waliokwisha kuiona, simu ikaita.

“Mwanangu, hii karatasi…”

“Ni mimi, mama. Shikamoo.”

Upande wa pili kikasikika kilio. Mama alianza kuomba radhi, akaishia katikati, akajaribu tena. Mkwewe akamsikiliza bila kumsaidia.

“Lia tu, mama,” akamwambia mwishowe. “Mimi nimelia miaka minne. Nitakupigia kesho.”

Akamrudishia mumewe simu, akatundika begi begani.

“Bado unaondoka,” fundi alisema, angali amepiga magoti.

“Naondoka. Nimechoka. Nataka kulala mahali ambapo sidaiwi mtoto.”

“Na mimi je?”

Mke alikuwa bado anampenda, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

“Jumapili uje kwa dada yangu. Umwambie na yeye kwa mdomo wako. Yeye ndiye aliyekuwa ananinunulia zile dawa za uzazi, nami nazinywa mbele yako, wewe unanishikia maji.”

Fundi akaitikia kwa kichwa.