Nani Alitia Bluu Kwenye Saladi?

Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu, nazianika, nazipiga pasi. Kazi yangu kubwa ni mashati meupe. Shati jeupe likishafuliwa, husuuzwa kwa maji yenye bluu kidogo ili ling'ae. Ni ile bluu ya unga, ya kufulia. Kopo langu la bluu hukaa chumba cha kufulia, juu ya rafu, pamoja na sabuni na brashi. Jikoni haliingii. Nalisema hili mapema, kwa sababu kuna watu walinisingizia, na watu wenyewe tunakula nao sufuria moja.

Nyumbani tuko wanne. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Binti yetu ndiyo kwanza ameanza shule. Wa nne ni mama mkwe. Alikuja kukaa nasi alipoanza kuumwa miguu, nami nilimpokea kwa mikono miwili. Chumba chenye dirisha kubwa nilimpa yeye. Maji yake ya kuoga nampashia mimi. Miguu yake namkanda mimi.

Siku moja ya mapumziko nilitaka kuwaandalia kitu kipya. Mteja wangu alikuwa amenipa kabichi nyekundu. Wanaiita nyekundu, lakini ukiitazama ni ya zambarau. Akanielekeza: ikate nyembamba, tia karoti na kitunguu, kisha changanya na mayonezi na mtindi mzito. Unapata saladi laini na tamu.

"Ukionja utajiuma ulimi," aliniambia.

Basi nikakata nusu ya kabichi, nikailoweka kwenye beseni la maji. Mara mlango ukagongwa. Mtu amefuata mashati yake. Nikatoka kumhudumia. Niliporudi, mama mkwe alikuwa jikoni, karibu na beseni. Sikumuuliza kitu. Jikoni ni kwake pia.

Maji niliyoyamwaga yalikuwa na rangi. Nikadhani ndivyo kabichi hiyo ilivyo. Nikachanganya saladi yangu, mtindi ukiwa bado mweupe, nikaifunika, nikaenda kuivisha wali. Wakati wa kula nikafunua bakuli mbele ya watu wote.

Saladi ilikuwa ya bluu.

"Hii ni nini?" mama mkwe akauliza.

"Ni saladi, mama."

"Saladi yenye rangi ya maji ya kufulia?"

Akanyoosha mkono, akamwondolea mjukuu wake sahani. "Usile, mjukuu wangu. Mama yako ametia bluu ya nguo. Anataka kutuua."

Nilimgeukia mume wangu. Nilingoja neno moja tu kutoka kwake. Aseme, mama, mke wangu hawezi kufanya hivyo. Badala yake aliliangalia bakuli, akaniangalia na mimi, akauliza, "Umetia nini humo?"

Damu ilinichemka. "Nimetia kabichi," nikamwambia.

Hakuna aliyekula saladi. Mama mkwe alilichukua bakuli, akalifunika kwa sahani, akaliweka juu ya kabati chumbani kwake. Alisema huo ni ushahidi. Kisha akampigia simu shemeji yangu mkubwa, yaani kaka yake mume wangu. Mlango ulikuwa wazi, nami nilisikia kila neno.

"Njoo kesho," alisema. "Huyu mwanamke arudi kwao. Ama yeye, ama mimi."

Tangu hapo akakataa kula chochote kilichopita mikononi mwangu. Alijichemshia yai lake mwenyewe. Alimkatia binti yangu mkate kwa kisu chake. Jamani. Mtoto nimemzaa mimi, nimemnyonyesha mimi, leo anakatazwa kula cha mama yake. Nililia kwa hasira. Watu wengine hulia kwa huzuni, lakini mimi siku ile nililia kwa hasira.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani yangu. Ni mpishi wa jiko la hospitali. Mtaani tunamwita Dada Chumvi, kwa sababu chakula cha wagonjwa hakina chumvi, na kila anayetoka hospitali humlaumu yeye. Nikamweleza yote. Nilidhani atanionea huruma. Akacheka.

"Unacheka nini?" nikamuuliza. "Mimi nafukuzwa nyumbani kwangu."

"Nisamehe, ndugu yangu. Hebu niambie. Jikoni kwenu kuna magadi?"

"Mimi situmii magadi."

"Sikukuuliza kama unatumia. Haya, nitakuja kwenye hicho kikao chenu. Ile nusu ya kabichi iliyobaki bado unayo?"

"Ninayo."

"Itunze. Na utafute ndimu."

Kikao kilikaa sebuleni kwangu. Shemeji ni mpima mizigo ghalani, na siku ile alikaa kama aliyekuja kunipima mimi. Yeye, mama yake na mume wangu walikaa upande mmoja. Mimi nikawekewa kiti upande wa pili.

"Shemeji," akaanza, "sisi hatukuhukumu. Tunataka tu useme ulitia nini kwenye chakula."

"Kama hamnihukumu, mbona nimekaa upande huu peke yangu?"

Dada Chumvi akaingia, akasalimia, akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Huyu kaitwa na nani?" shemeji akauliza.

"Na mimi," nikasema. "Wewe umeitwa na mama. Mimi nimemwita jirani."

Dada Chumvi akaomba glasi tatu za maji. Akachukua kabichi yangu, akaikatakata vipande vidogo, akatia kiasi kila glasi. Akazikoroga kwa kijiko. Maji yakaanza kuwa ya zambarau.

"Mnaona?" akasema. "Glasi zote ni sawa. Sasa hii ya kwanza naiacha kama ilivyo. Hii ya pili naikamulia ndimu."

Akakamua. Maji yakageuka mekundu palepale. Mume wangu akasogeza kiti mbele.

"Hii ya tatu nataka kuitia magadi kidogo. Nani ana magadi?"

"Mimi sina," nikasema.

Mama mkwe akainuka polepole, akaenda chumbani, akarudi na kifuko kidogo. "Ninayo mimi," akasema.

Dada Chumvi akachukua magadi kidogo kwa ncha ya kijiko, akatia kwenye ile glasi ya tatu, akakoroga. Maji yakawa ya bluu. Ni bluu ileile ya saladi yangu.

"Mama," Dada Chumvi akauliza kwa upole, "jana ulitia magadi kwenye beseni la kabichi?"

"Nilitia," mama mkwe akajibu. "Mboga ngumu hutiwa magadi ili zilainike. Ndivyo nilivyolelewa. Nilimsaidia tu."

"Ulimwambia?"

"Kusaidia nako kunaombewa ruhusa?"

Dada Chumvi akatueleza. "Kabichi hii ina rangi inayobadilika. Ikikutana na kitu kichachu, kama ndimu au siki, inakuwa nyekundu. Ikikutana na magadi inakuwa bluu, na magadi yakizidi inakuwa kijani. Rangi hiyo si sumu. Lakini magadi hayana kazi kwenye saladi. Yanapunguza vitamini na kuharibu ladha. Saladi tunataka ile mbichi, ikitafunwa isikike."

Kumbe! Hasira niliyokuwa nayo ikazaa hasira nyingine. Nimeitwa muuaji mbele ya mwanangu, na aliyeibadilisha rangi ndiye aliyenishtaki.

Hapo mume wangu akasimama. Aibu ilimjaa usoni. Akaenda chumbani kwa mama yake, akarudi na lile bakuli la ushahidi.

"Basi mimi nitaila yote," akasema, "ili kila mtu ajue namwamini mke wangu."

Akachota kijiko kimoja kikubwa. Kabla hakijafika mdomoni, Dada Chumvi akamshika mkono.

"Hiyo usile."

"Si umesema haina sumu?"

"Nimesema rangi haina sumu. Bakuli hili limekaa wapi tangu jana mchana?"

"Juu ya kabati."

"Kwenye joto, bila friji. Na lina mayonezi na mtindi ndani. Chakula cha namna hii kikikaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, vijidudu huzaliana. Huvioni, na pengine hata harufu husikii. Ukila unaweza kuharisha na kutapika, na mtoto au mtu mzima sana anaweza kuzidiwa. Mlikuwa mnaogopa rangi, kumbe cha kuogopwa ni huu ushahidi wenu."

"Haiwezi kutiwa ndimu ikapona?" shemeji akauliza.

"La kuvunda halina ubani, kaka. Imwageni."

Ikamwagwa kwenye pipa la taka. Bakuli likaoshwa kwa maji moto na sabuni. Shemeji akajikohoza.

"Basi yameisha," akasema. "Sisi sote ni familia. Tunywe chai."

Hapo ndipo nilipoinuka.

"Hayajaisha, shemeji. Ulitoka kwako kuja kunifukuza, sasa unataka nikuchemshie chai? Jana nimeambiwa nataka kuua watu. Nimeambiwa hivyo mezani, mwanangu anasikia. Maneno hayo hayakusemwa chumbani, na radhi haitaombwa chumbani. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni."

Shemeji akatazama chini. Mama mkwe alisugua goti lake. Kisha akamwita binti yangu kutoka uani, akamweka mbele yake.

"Mjukuu wangu," akasema, "jana bibi alisema uongo. Mama yako hakutia kitu kibaya. Ni mimi niliyetia magadi, na sikujua yanafanya nini." Akaniinulia uso. "Mwanangu, nilikusingizia. Nisamehe."

"Nimesikia, mama," nikasema. Kusamehe nilisamehe baadaye kidogo. Siwezi kudanganya.

"Sasa twendeni jikoni," Dada Chumvi akasema. "Kabichi imebaki, na mimi nina njaa."

Tulinawa mikono kwa sabuni. Alinifundisha kuondoa majani ya nje na kuiosha kabichi ikiwa nzima, kwa maji safi yanayotiririka, kabla ya kisu kuigusa. Niliosha kisu na ubao, maana ubao uliokatiwa nyama mbichi haukatiwi saladi kabla ya kuoshwa vizuri. Nikaikata kabichi nyembamba kabisa. Akaninyunyizia chumvi kidogo juu yake, akaniambia niifikiche kwa vidole.

"Iache kidogo itoe maji," akasema. "Kisha ikamue. Usipoikamua, saladi yako itaogelea."

Niliikamua kwa nguvu zote za dobi. Dada Chumvi akasema hajawahi kuona kabichi ikikamuliwa kama shuka. Nikatia maji ya ndimu. Rangi ikapanda, ikang'aa. Karoti nikaikwaruza, kitunguu nikakikata vipande vidogo. Pembeni nikachanganya mayonezi na mtindi mzito, sukari ya ncha ya kijiko na pilipili manga. Kisha nikavichanganya vyote pamoja.

"Changanya wakati wa kula ukifika," alinikumbusha. "Kama una friji, itakayobaki ifunike na uiweke humo haraka. Kama huna, tengeneza ya kutosha watu wako, ikiisha imeisha. Ya kulala juu ya kabati hatutaki tena."

Saladi ilitoka na rangi ya waridi, laini, yenye uchachu kidogo. Mama mkwe alipakuliwa wa kwanza. Nilimpakulia mimi. Akala, akatafuna, sote tunamtazama.

"Ni tamu," akasema. "Ila inataka chumvi."

"Hata nyumbani kwa watu naambiwa hivyo," Dada Chumvi akalalamika, na hapo hata shemeji akacheka.

Siku hizi hiyo ndiyo saladi yetu ya mapumziko. Mama mkwe hukamua ndimu, na akitaka kuongeza kitu kwenye chakula nilichoanza, huniuliza kwanza. Mimi nami nikitoka jikoni humwambia kuna nini kwenye beseni. Binti yangu hula saladi kuliko wote, na hakuna anayemwondolea sahani.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye nilikuwa bado sijamsamehe. Siku ya mapumziko iliyofuata baada ya kikao kile, mume wangu alinikuta jikoni naosha kabichi.

"Bado umeninunia," akasema.

"Bado."

"Mama umemsamehe, na yeye ndiye aliyekusingizia. Mimi sikusema neno baya."

"Neno zuri pia hukusema, na hilo ndilo kosa lako," nikamwambia. "Mama alikuwa haijui kabichi. Wewe ulikuwa unanijua mimi."

Akanawa mikono yake kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akachukua kisu, akaniuliza aanze kukata upande gani.