Udongo Ndani ya Mikebe

"Mama Gibson, huyo mpangaji wako anapeleka wapi udongo ya shamba langu?"

Chepkirui aliuliza hivyo asubuhi moja ya Januari. Wanawake hao wawili walikuwa wakichuma majani chai, kila mmoja upande wake wa ua. Janeffer, ambaye majirani humwita Mama Gibson, aliendelea kuchuma, akitupa majani kwenye kikapu mgongoni. Lakini neno lilikuwa limeshamwingia.

Mpangaji mwenyewe alikuwa Mwalimu Beverly Ayoo, mtu wa pande za ziwa. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha sayansi gredi ya saba hapo Sosiot, na shule ingefunguliwa Jumatatu. Janeffer alikuwa mjane. Chumba chake cha nje hakumpa mtu ovyo. Alimpa Beverly kwa sababu alimwona kanisani akiimba bila kuangalia kitabu.

Sasa alianza kumchunguza.

Siku ya kwanza alimwona akipita kando ya mashamba na kijiko na mikebe. Aliinama, akachota udongo, akafunika. Siku ya pili harufu ya kabichi ilitoka chumbani. Baadaye mwalimu akawamwagia kuku ile kabichi, akabaki na maji yake. Janeffer alishangaa. Ni nani hutupa mboga akatunza maji?

Siku ya tatu alikuwa akifagia uani. Dirisha la mwalimu lilikuwa wazi. Ndani aliona mikebe imepangwa, kila mmoja umebandikwa karatasi. Alisoma polepole: "Mama Gibson, maharagwe." "Mama Gibson, chai." "Chepkirui, maharagwe." Kando yake kulikuwa na chupa za maji ya zambarau.

Ufagio ulimponyoka. Wazee wa kwao walikuwa wakisema kwamba anayechukua udongo ulioukanyaga amekuchukua wewe. Janeffer alikuwa ameokoka, na mambo hayo aliyaacha zamani. Hata hivyo, jioni hiyo aliombea chai yake mara mbili kabla ya kuinywa.

Chepkirui aliposikia habari ya majina, alimwambia amtoe mwalimu kabla ya Jumatatu. Alimkumbusha jinsi maharagwe ya mashamba yao yote mawili yalivyogeuka manjano. Janeffer akamjibu kwamba hayo yalianza misimu mitatu iliyopita, mwalimu akiwa bado hajafika.

"Uchawi haina kalenda," Chepkirui akasema.

Jumamosi mchana Janeffer alibisha hodi kwa mpangaji wake. Chepkirui alisimama nyuma yake kama shahidi.

"Mwalimu, nataka chumba changu. Lakini kwanza niambie, jina langu linafanya nini kwa mkebe?"

Beverly aliweka kalamu chini. Alitazama vitabu vyake, akatazama kitanda. Siku mbili hazingemtosha kupata chumba kingine. Akawaomba waketi.

"Nimekosa, Mama," alisema. "Ningebisha hodi kwako kabla ya kuchota."

Akawaeleza kwamba shule haina maabara. Wanafunzi wangejifunza asidi ni nini, na hakuna cha kupimia. Ndiyo maana alichemsha kabichi nyekundu. Alimimina yale maji ya zambarau katika vikombe vitatu. Kimoja akakamulia ndimu, na maji yakawa mekundu. Cha pili akatia jivu, yakawa kijani.

"Hiyo ni dawa," Chepkirui akanong'ona.

"Ni kabichi. Kuku wa Mama wamekula siku tatu."

Janeffer alichungulia nje. Kuku wote walikuwepo, wakichakura. Hata yule mwenye kilema alikuwa ametaga.

Kisha Beverly akachukua mkebe wa maharagwe ya Janeffer. Alikoroga udongo na maji ya mvua, akangoja utulie, akamimina maji yake kwenye kikombe cha tatu. Zambarau ikaanza kugeuka, ikaelekea upande wa ndimu.

"Udongo huu una asidi nyingi," alisema. "Chai inaupenda. Maharagwe yanateseka. Unayawekea mbolea gani?"

"Ile ya chai, ikibaki. Mbolea ni mbolea."

"Hapana, Mama. Hiyo ya chai inazidi kuongeza asidi. Tafuta mbolea ya maharagwe, na kabla ya kupanda weka chokaa ya kilimo. Lakini peleka udongo kwa ofisi ya kilimo wakupimie. Kabichi inaonyesha rangi tu. Haijui chokaa ni kiasi gani."

"Sasa kabichi imesoma kutushinda," Chepkirui akasema, akaondoka.

Janeffer aliinua kikombe, akakitazama kwa mwanga wa dirisha.

"Utakaa," alisema. "Lakini nitakuangalia."

"Niangalie tu, Mama."

Jumatatu Beverly alibeba mikebe na chupa zake kwenda darasani. Wiki hiyo hiyo Janeffer alipeleka udongo ofisi ya kilimo. Alipoambiwa kiasi cha chokaa, alikitia shambani na kukichanganya vizuri na udongo. Mvua za Machi zilipoanza, alipanda kwa mbolea aliyoelekezwa. Mbolea ya chai aliiacha kwa chai. Chepkirui alitazama juu ya ua, na kwake akaweka ile ya chai kama kawaida.

Mwezi wa sita maharagwe ya Janeffer yalikuwa ya kijani, yamejaa maganda. Ya Chepkirui yalikuwa manjano.

Jumapili moja baada ya ibada, Janeffer na Beverly walikuwa jikoni wakipukuchua maharagwe kwenye beseni. Chepkirui akaingia bila hodi. Akaweka mkebe mezani. Ulikuwa umejaa udongo, na juu yake jina lake, ameliandika mwenyewe kwa herufi kubwa.

"Ni udongo wa chai ama wa maharagwe?" Janeffer aliuliza.

Chepkirui aliliangalia lile beseni lililojaa.

"Ya maharagwe," alisema, akatoka.