Jina Pembeni mwa Mstari

Asubuhi ya Jumatatu lifti zote ziligoma isipokuwa moja, na watu wa jengo zima wakajazana ukumbini chini wakiikodolea macho hiyo moja. Katikati yao alisimama mwanamke mrefu, mhandisi wa programu, amevaa gauni jipya la kijani kibichi lililomkaa utadhani alizaliwa nalo. Kazini walimwita Sindano kwa sababu ya ulimi wake. Lifti ilipofunguka walisukumana, wakaingia, wakabanana, na hapo akasikia mtu akimnong'oneza sikioni.

"Samahani, dada. Nyuma ya shingo kuna kikaratasi cha dukani kinaning'inia. Nikitoe au nikiache?"

Sindano alitamani sakafu ya lifti ipasuke immeze. Alitupa jicho nyuma, akaona kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, ananukia sabuni.

"Kitoe," alijibu kwa kunong'ona vilevile. "Na ukimwambia mtu, nitakutafuta."

"Nimwambie nani? Ndiyo kwanza naanza kazi leo."

Kumbe walikuwa wanakwenda ofisi moja. Kampuni yao ilitengeneza mashine za kuhifadhia faili, na Sindano ndiye aliyekuwa mlezi wa sehemu nyeti kuliko zote, iliyoitwa jarida. Kabla mashine haijagusa faili yoyote, huandika kwanza kwenye jarida kile inachokusudia kufanya, ili umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi imalizie ilipokwama; ikishakamilisha, huandika "nimemaliza". Kijana mgeni akapewa kazi iliyokimbiwa na kila mtu: kusafisha nafasi tupu katika msimbo wa jarida, yaani maandishi ya programu yake. Ni zile nafasi zisizoonekana ambazo waandishi huziacha mwishoni mwa mistari, na mistari mingine iliyosogezwa ndani ovyo ovyo. Hazibadilishi chochote katika utendaji wa mashine, zinamchosha msomaji tu. Wenzake wakambandika jina la Fagio, naye akalipokea kwa kicheko.

"Kazi gani hii ya kufuta visivyoonekana?" Sindano alimchokoza.

"Hata kikaratasi chako hukukiona, bibie. Na kilikuwepo."

Basi wakaanza. Chai ya pamoja ikawa chakula cha mchana cha pamoja, na simu za kazini zikageuka kuwa simu za kuulizana umevaa nini kesho. Fagio akipiga, Sindano huacha iite kidogo ili asionekane alikuwa ameishika mkononi.

"Umelala, kipenzi?"

"Nimelala. Unaongea na ndoto."

"Basi ndoto ina sauti tamu. Iambie kesho ivae lile gauni la kijani."

Shangazi yake Sindano, mshonaji aliyemlea tangu utotoni, alikuwa akisikia kila kitu kutoka kwenye cherehani yake na kujifanya hasikii.

Kisha umeme ukakatika kwenye kituo cha redio kilichokuwa kinatumia mashine zao, na uliporudi, rekodi za miaka mingi hazikuwepo. Jarida lilikuwa limeandika "nimemaliza" kabla kazi haijamalizika. Bosi aliita kikao, wateja wakiwa kwenye simu wanasikiliza, akauliza nani alifanya upuuzi huo. Macho yote yakamgeukia Sindano.

Aliita kwenye skrini kubwa ile amri inayoonyesha nani alikuwa wa mwisho kuugusa kila mstari, na pembeni mwa mstari wenye kosa pakatokea jina la Fagio.

"Ulipewa kufagia sakafu," alimwambia mbele ya wote, "ukaona uhamishe na ukuta?"

Wengine walicheka. Fagio alimtazama, akasema tu, "Turekebishe kwanza." Jioni hiyohiyo alihamishiwa ghorofa ya chini, chumba cha kujaribia mashine mbovu. Simu za Sindano hakuzipokea tena.

Wiki iliyofuata Sindano aliketi kuandika ripoti ya ajali, ofisi ikiwa tupu kwa sababu ya chakula cha mchana. Akairudia ile amri, safari hii akiiambia isihesabu mabadiliko ya nafasi tupu. Jina la Fagio likatoweka. Pembeni mwa mstari likakaa jina lake mwenyewe.

Fagio alikuwa amefuta nafasi iliyobaki mwishoni, basi. Maneno yote ya mstari ule aliyaandika Sindano, zamani, akiwa na haraka. Uso ulimwaka, masikio yakamwaka. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakudanganywa na mtu. Hakuna mhandisi asiyejua kwamba msafishaji huacha jina lake kila anapopita, na usafi ule Sindano ndiye aliyeukagua na kuupitisha. Siku ile ya kikao alijua. Alijua mahali fulani rohoni, akaogopa kuangalia, akapenda kosa liwe la mtu mwingine. Aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo cha skrini.

Nyumbani chakula kilimshinda.

"Nitamfuata, shangazi. Nimvizie akitoka, nimwombe radhi."

Shangazi akakata uzi kwa meno. "Umemwaibisha kikaoni, radhi umpe kichochoroni? Hiyo radhi ya mwizi, mwanangu."

Sindano akaingia chumbani akapiga simu. Iliita, ikaita. Alipokuwa karibu kukata, ikapokelewa.

"Sema."

"Mstari ni wangu."

"Najua."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu ulipoita ile amri. Niliifuta mwenyewe nafasi ya mwisho ya ule mstari, ningeusahau?"

"Mbona hukusema? Ungeniumbua palepale ukamaliza!"

Fagio alivuta pumzi. "Mwanzoni nilikuonea huruma. Halafu nikakasirika. Nikasema nikae kimya, agundue mwenyewe, na akigundua imuume. Si uungwana, lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Imeniuma. Wewe hata kikaratasi cha dukani uliniambia kwa kunong'ona. Mimi nikakupigia kelele mbele ya watu. Sasa sikiliza. Kesho kwenye kikao cha ripoti nitasimama, nitasema, na nitawaonyesha mstari. Nakuambia kabla, ili nikikwama katikati unijulishe nilipoishia."

Kikasikika kicheko kidogo kilichochoka. "Unanifanya mimi jarida lako?"

"Uje tu. Nakuomba."

Asubuhi alivaa lile gauni la kijani. Bosi alipouliza kama kuna lingine, alisimama. "Siku ile nilisema hapa kwamba..." Maneno yakagoma. Aliona nyuso, viti, simu ya wateja iliyokaa katikati ya meza.

"Ulisema utawaonyesha mstari," sauti ilitoka mlangoni.

Fagio alikuwa ameegemea ukuta, kola yake imepigwa pasi. Sindano akaita amri, na watu wote wakaona jina moja likiondoka na jingine likikaa mahali pake.

"Kosa ni langu," alisema. "Na siku ile nilihisi linaweza kuwa langu. Niliogopa, nikamtupia mwenzangu. Nisamehe, Fagio."

Hakuna aliyecheka. Bosi aliandika kitu, akasema Sindano ataisikia adhabu yake, na kwamba Fagio arudi kwenye kiti chake.

Mchana walikutana kwenye lifti, ile ile moja, imejaa pomoni. Fagio alisimama nyuma yake. Akainama mpaka sikioni.

"Na mimi nina ninalokusudia. Jumamosi nakuja na mjomba wangu kwa shangazi yako, kukuposa. Nakuambia mapema, nisije nikakwama."

"Sema kwa sauti."

"Mama wee, watu wamejaa!"

"Ndiyo maana. Nilikuvunjia heshima kwa sauti, sitakukubali kwa kunong'ona."

Fagio akasafisha koo, akalisema lote upya, mjomba, shangazi na Jumamosi yenyewe, na lifti nzima ikageuka.

"Njooni," Sindano alijibu kwa sauti ya kikaoni. Uso ulimwaka kama siku ya kikaratasi, lakini safari hii hakutamani sakafu ipasuke.